Ilimba ya marehemu baba imechomwa, vyuma ninavyo

Shikamoo Anti. Naandika saa tisa usiku, sijalala hata kidogo, nimejifungia jikoni ili mwanga wa simu usimwamshe baba watoto. Usinione mimi ni wale wasioamini, nimeokoka na mapepo najua yapo, nimeshayaona yakimtoka mtu.

Ni hivi, mtoto wetu wa pili alikuwa anaweweseka, anakaa kitandani anaongea vitu havieleweki. Hospitali walisema atakua ataacha. Mume wangu akamleta mtumishi wa huko anakosali siku hizi, akazunguka nyumba nzima, kufika sebuleni kwenye ilimba ya marehemu baba, ile ala ya muziki ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, akasimama, akasema madhabahu ya ukoo hii hapa. Matundu yake baba aliyaziba kwa utando wa buibui ili ikipigwa ivume, sisi Wagogo si tunajua, yeye akasema buibui ni alama ya kuzimu. Akasoma Kumbukumbu la Torati 7, usitie machukizo ndani ya nyumba yako. Jioni ile ile ikachomwa uani kwa mafuta ya taa, mimi nimesimama nasema amina. Ndiyo nilisema, ungekuwa wewe ungefanyaje, mtoto anaumwa na watu sita wamekuzunguka wananena kwa lugha?

Kinachoniuma ni fimbo. Mume wangu ana fimbo nyeusi ya babu yake, ipo nyuma ya mlango wa chumbani, na huyo babu kwao kila mtu anajua alikuwa mganga wa mvua. Mtumishi aliipita tu. Nilipouliza nikajibiwa hiyo ni fimbo tu. Yaani fimbo ya mganga ni fimbo tu, ilimba ya mzee wa kanisa ndiyo ina pepo! Baba alikuwa Muanglikana, ilimba ile ilipigwa kanisani siku za mavuno kabla kwaya hazijanunua vinanda. Si Zaburi 150 inasema msifuni kwa zeze na filimbi? Na wale wa Efeso kwenye Matendo 19 waliochoma vitabu vya uganga, walileta vya kwao wenyewe, hakuna aliyechomewa cha baba yake. Paulo anawaambia Wakorintho sanamu si kitu, halafu sura mbili mbele anasema wanavyotoa sadaka wanavitoa kwa mashetani, hapo ndipo nachanganyikiwa kabisa.

Asubuhi yake nikaenda kufagia uani, majivu yameshapeperushwa na upepo wetu huu, vyuma vimebaki. Baba aliigonga misumari mwenyewe mpaka ikawa bapa, kile kirefu cha katikati kimelika pale alipokuwa anaweka dole gumba. Nikavifunga kwenye kipande cha kitenge nikavifukia kwenye ndoo ya unga wa uwele. Mume wangu anajua nilivitupa.

Sasa mtoto tangu siku ile analala, wiki ya tatu. Mume ananiangalia kama vile umeona eeh. Mimi moyoni nasema vyuma si vipo humu humu ndani, kama ni pepo mbona analala? Ila juzi akaweweseka mara moja tu, nikatoka usiku ule ule nikaihamishia ndoo stoo ya nje. Na ule unga sipiki, nimenunua mwingine nikasema ule umeingia wadudu.

Sitaki fimbo ichomwe Anti, sina ugomvi na babu wa watu. Au labda nataka, sijui, kila nikifunga ule mlango naiona nawaka. Iweje yake iwe fimbo tu?

Mwisho wa mwezi kaka yangu anakuja kutoka Mvumi. Yeye ndiye mkubwa, ilimba ilikuwa yake kwa haki, mimi niliiomba. Nimpe vyuma akatengeneze nyingine, au nitakuwa namfungia balaa apeleke kwa wanawe? Na mume wangu nimwambie kwanza au nimpe kaka kimya kimya? Nijibu kabla hajafika Anti, nakuomba.

Mama wa wawili, Nkuhungu, Dodoma