Nimepewa upande mmoja wa doti, niuvae?

Ndugu mshauri,

Assalaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, habari zenu. Mimi ni mama wa miaka 63, mjane, naishi Makorora hapa Tanga mjini na mwanangu wa kiume, mkewe, na wajukuu wawili. Najua wengine wanakuita Shangazi. Mimi kwa umri wangu nitakuita mdogo wangu, usinune. Barua hii niliiandika kwanza nyuma ya karatasi za kalenda ya mwaka jana, ndipo mtoto wa jirani akanichapia kwenye simu. Pakiwa na neno limeruka, ujue hapo wino ulipenya.

Shida yenyewe ni kanga. Lakini nikianza na kanga hutanielewa, ngoja nianzie jikoni.

Mimi sipendi kitu kipotee. Watu wananiita bahili, nami nakataa. Bahili ni mwenye nacho asiyetoa. Mimi natoa, ila hadi kitu kiwe kimefanya kazi yake yote. Nazi kwangu inakamuliwa mara tatu, chicha wanakula kuku, kifuu kinawashia jiko, kumbi linasugulia sufuria. Kanga nayo ina safari yake: inaanza ya shughuli, inakuwa ya nyumbani, ya kulalia, mbeleko ya mtoto, mwisho tambara la kudekia. Ninalo tambara moja ambalo jina lake bado linasomeka, na nikilikamua naliangalia kwa heshima.

Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mimi ninayo ya kabla ya hapo. Naihifadhia ukwaju na pilipili kavu, ikichafuka naiosha, naianika. Siku moja mke wa mwanangu akaja mbio uani kuianua: "Mama, ukikutwa nayo faini elfu thelathini!" Nikamuuliza, mwanangu, nani atakuja kukamata kamba yangu ya nguo? Lakini toka siku hiyo naianika chini ya shuka.

Huyu binti hakuyaona tuliyoyaona, nami simlaumu kwa hilo. Nimeolewa miaka ile sukari ni foleni na sabuni ni foleni, 1983 wahujumu uchumi wanakamatwa, watu wanaficha hata vibiriti. Tulifua kwa majani ya mpapai. Baadaye kiwanda alichofanya kazi marehemu mume wangu kikafunga, mkonge nao ukawa hauna bei, na hapo ndipo tulikuwa tunamalizia nyumba. Vyumba hivi vinne vimeezekwa kwa majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili. Nikimweleza hivyo anasema "pole mama", kisha anamwaga kiporo.

Sasa umeme. Hapa naomba unisome polepole, maana kila ninayemweleza anaona nazidisha.

Mita yetu iko kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Uniti moja ukiweka na makato inakuja kama shilingi 122. Piga hesabu: 75 zote ni 9,150, ongeza na ile 1,500 ya kodi ya jengo wanayoikata humo humo kwenye LUKU. Ukivuka 75, kila inayozidi ni shilingi 350, na hapo makato bado. Unaona mlima huo? Kwa hiyo kila alfajiri nikishaswali nasoma mita, naandika kwenye daftari. LUKU ananunua mwanangu, sikatai, lakini mita bado ina jina la marehemu, na mimi ndiye niliyemuahidi kuiangalia nyumba.

Mwezi juzi daftari likaanza kunishangaza. Taa ni zile zile, friji ni ile ile, lakini uniti zinakimbia. Nikadhani mita imeharibika. Nikakesha. Saa kumi na moja kasoro nikasikia jikoni kitu kinanguruma kama pikipiki ya mbali: birika la umeme! Amelinunua, anachemshia maji ya kuoga watoto na chai, kisha analirudisha kabatini nyuma ya unga. Alipotoka nikaligeuza chini kusoma maandishi. Wati 2,000. Ukiliwasha nusu saa kwa siku, uniti nzima imekwenda. Siku thelathini, uniti thelathini. Katika sabini na tano!

Nikalichukua nikaliweka juu ya kabati langu, nyuma ya sanduku la marehemu. Hilo nalikiri, halikuwa jambo la mtu mzima. Asubuhi yake akalitafuta, hakuuliza, akabandika sufuria. Siku ya tatu nikakuta birika limerudi mahali pake, na sanduku la marehemu limefutwa vumbi. Mimi nikajua amejua, naye akajua nimejua, na chai tukanywa.

Basi tungeendelea hivyo hivyo kama si wakwe zangu kuja. Walishuka kutoka Lushoto, mama yake, shangazi zake wawili na mjomba mmoja. Walikuja na kapu la peasi, viazi nusu gunia, na kabichi za kubebwa kwa mikono miwili. Mimi nikapika. Nilikuna nazi mbili kwa watu tisa, na tui la kwanza nikaliweka kando kwa mchuzi wa kesho, wali ukaenda na la pili na la tatu. Samaki walikuwa changu wawili, nikawakata vizuri, mkia nao ni kipande. Majani ya chai yalikuwa ya asubuhi lakini bado yalikuwa na nguvu, mimi niliyaonja. Feni niliizima kwa sababu upepo wa bahari ulikuwa umeanza. Kweli upepo huo haufiki sana Makorora, ila siku ile mimi niliusikia.

Watu wa milimani wakakaa wanajipepea kwa mitandio. Mkwe mwenzangu akainua kikombe, akakiangalia. Nina vikombe vya zamani vyenye ua limechorwa chini kabisa, na ndani ya ile chai ua lilionekana lote, hadi majani yake. Akaniuliza kwa upole, wallahi kwa upole kabisa, "Mkwe, huku kwenu mnaanza na maji ya moto?"

Mwanangu akaangalia miguu yake. Mkewe akanyanyuka, akatoka, akarudi na soda sita, tena kwa bodaboda, kutoka duka linaloonekana ukikaa barazani petu. Hakusema neno. Wageni wakanywa, wakaaga, wakaondoka, na kapu lao nikawarudishia likiwa tupu. Kwetu kapu la mgeni halirudi tupu. Hilo nililikumbuka usiku nikiwa kitandani, gari lao limeshapita Korogwe.

Wiki mbili zikapita tunasalimiana vizuri, shikamoo mama, marahaba mwanangu, hakuna zaidi. Ijumaa moja akarudi kutoka Ngamiani na doti mpya, zambarau, ina korosho kubwa pembeni, nzuri sana. Akaikata. Upande mmoja akajifunga palepale, wa pili akanipa kwa mikono miwili huku amepiga goti. "Mama, zawadi yako." Nikapokea, nikamuombea dua. Nimefika chumbani nikavaa miwani, nikasoma jina.

MKONO MTUPU HAULAMBWI.

Nikarudi kumuuliza, "Mwanangu, jina la kanga hii umeliona?" Akanijibu, "Jina gani mama? Mimi nilipenda hizo korosho." Uso mkavu.

Kweli vijana wa siku hizi wananunua kanga kwa rangi, hawasomi. Lakini huyu amelelewa na bibi, na bibi wa Kitanga hamlei mtoto asijue kusoma kanga. Tena mimi mwenyewe ujanani nilishamjibu wifi yangu kwa kanga, nikapita mbele ya mlango wake mara nne siku moja, najua mchezo huu unavyochezwa. Ila mbona na yeye kaivaa? Mtu anayekutupia neno halibebi mgongoni kwake.

Nimeuliza watu. Jirani yangu alicheka hadi akakaa chini, akaniambia, "Kakuvika, mwenzangu." Somo yangu anasema hapana, mtu hagawani doti na adui, doti ikigawanywa ni sare, na sare ni mapenzi. Mwanangu anasema ni kitambaa tu, lakini huyo ni mwanamume. Nilifikiria na mimi ninunue ya kujibu. Nikaangalia bei ya doti, haipishani sana na umeme wangu wa mwezi mzima, nikaona ugomvi huo utanishinda.

Nami sitaki umwone mbaya. Mwaka juzi nilipovunjika mguu, ni yeye aliyenibeba chooni, miezi miwili, na hakuna siku aliyokunja uso. Ukiniuliza anachoniudhi, zaidi ya birika na kiporo, nitakutajia anavyomenya viazi. Maganda yake unaweza kuyakaanga.

Ninachotaka unisaidie ni hiki. Hiyo kanga ni fumbo au ni zawadi? Na kama ni fumbo, je, nimelistahili? Maana mkwe wa Lushoto nataka kumtumia kitu, kapu lingine liende kwake na kitu ndani, hata machungwa ya Muheza na nazi kumi nzima, lakini nikifanya hivyo sasa, bibie atajua kanga yake imefanya kazi, na kesho ataninunulia nyingine. Nikikaa kimya, mama wa watu atanikumbuka kwa ua la kikombe. Kuhusu birika, niko tayari kulikubali kwa maji ya watoto peke yake, tena saa za baridi. Chai hapana.

Nijibu mapema kidogo. Jumamosi ijayo kuna maulidi hapa mtaani, yeye ameshasema atavaa ile yake, na mimi sina kanga nyingine mpya. Upande wangu haukuwa umepindwa. Fundi wa cherehani anataka hela, kwa hiyo naupinda kwa mkono, jioni barazani, kabla taa haijawashwa. Nimefika nusu ya upindo wa kwanza. Niendelee?

Mama wa Makorora, Tanga