Ukurasa mtupu kwenye kijitabu cha kliniki

Mhariri,

Jumapili iliyopita tulikuwa wanawake saba nyumbani kwa jirani yangu hapa Umoja, tumekwenda kumwona mtoto. Tulibeba njahi, uji wa wimbi kwenye thamosi na pakiti mbili za napi. Mzazi ana miaka 26 na huyo ndiye kifungua mimba wake. Alijifungua kwa kupasuliwa katika hospitali moja ya kibinafsi. Mtoto hajamaliza hata kuzunguka mikononi mwetu, mama mmoja wa makamo, ambaye nimemheshimu miaka yote, akasema huku akicheka: "Kumbe wewe hukuzaa, ulitolewa tu mtoto."

Watu wakacheka. Mzazi naye akacheka, kisha akageukia ukutani kana kwamba anatafuta leso ya mtoto. Leso ilikuwa begani pake.

Wenzangu walipoondoka nilibaki kuosha vikombe. Akanionyesha kwenye simu mpango wa kujifungua aliokuwa ameuandika akiwa na mimba ya miezi minane, kurasa mbili nzima. Alitaka mumewe awe naye mle ndani. Alitaka kuchuchumaa au kupiga magoti badala ya kulala chali, asiongezwe njia kwa wembe ila pasipo budi, na mtoto awekwe kifuani kwake kabla ya kupelekwa mizani. Baada ya saa 14 za uchungu mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka, akakimbizwa thieta. "Mama Baraka, nilishindwa," akaniambia. Mtoto yuko hapo, ana kilo tatu na ushee, ananyonya hadi anasikika sebuleni, na mama yake anaongea kama mtu aliyeanguka mtihani.

Mimi nimezaa watatu, na kila mmoja alikuja kwa njia yake. Wa kwanza, 2011, nilimzaa kwa njia ya kawaida. Nililala chali kwa sababu kitanda kilikuwa hicho na amri ilikuwa hiyo. Nilipojaribu kushuka nichuchumae, maana mwili ndio uliokuwa ukitaka hivyo, niliambiwa nisilete mambo ya kijijini. Mama yangu mzazi alikuwa nje ya lango tangu alasiri na chupa ya chai. Aliniona kesho yake saa za kutazama wagonjwa. Mambo hayo ya kijijini sasa yamo katika mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa 2018: mwanamke anayejifungua awe na mtu aliyemchagua mwenyewe, na akae mkao anaoutaka. Nilipolisikia hilo nilimpigia mama simu tukacheka sana.

Wa pili ni wa 2016. Muuguzi alikuja na karatasi ya ridhaa akaiweka juu ya tumbo langu, ndiyo meza yenyewe. Kalamu ilikuwa imefungwa kwenye faili kwa uzi, na uzi wenyewe mfupi, ikabidi nijivute. Uchungu ukaja nikiwa nimeandika nusu ya jina langu. Ulipopita nikamalizia nusu ya pili. Hadi leo sijui karatasi ile ilisema nini. Ni wodini, siku iliyofuata, ndipo mwenzangu wa kitanda cha pili aliponieleza alichomsikia daktari akisema, kwamba njia ya uzazi ilifunguka hadi sentimita 6 ikakwama. Sisemi upasuaji ule haukuhitajika. Huenda ndio ulioniokoa pamoja na binti yangu. Ninachosema ni kwamba habari za tumbo langu nilizipata kwa mgonjwa mwenzangu.

Wa tatu alikuja 2020, wakati wa kafyu ya korona. Daktari alikuwa amekubali nijaribu njia ya kawaida, mradi iwe hospitali yenye thieta, kwa kuwa kovu la zamani linaweza kupasuka wakati wa uchungu. Basi uchungu ukaanza saa tatu usiku, na kafyu ilikuwa imeanza saa moja. Kijitabu changu cha kliniki kilikuwa na mstari wa usafiri, na muuguzi alikuwa ameujaza "teksi" bila kuinua kichwa wala kuniuliza teksi ipi. Dereva niliyemjua alikuwa amezima simu. Baadaye nilikuja kusikia kwamba Dkt Jemimah Kariuki alikuwa ameanzisha mpango wa Wheels for Life wa kuwasafirisha wajawazito bure nyakati zile za kafyu, lakini usiku ule sikuwa na habari nao. Tulikwenda na Probox ya muuza mboga, iliyokuwa ikinuka vitunguu. Polisi alitusimamisha, akanimulika tumbo kwa tochi, akasema tu, "Endeni, endeni." Mtoto alizaliwa alfajiri, kwa njia ya kawaida.

Mhariri, kijitabu hicho cha mama na mtoto hupewa kila mjamzito anayehudhuria kliniki. Ndani yake kuna sehemu ya mpango wa kujifungua: utazalia wapi, nani atakusindikiza, utasafiri kwa nini, nani atakutolea damu ikihitajika, pesa zitatoka wapi. Ni maswali mazuri. Lakini nilichopewa mimi kilikuwa cha Kiingereza, na kwa watoto wote watatu sehemu hiyo ilibaki tupu au ikajazwa kwa nusu dakika huku foleni ikinisukuma mgongoni. Na yale aliyoandika jirani yangu kwenye simu, ya mkao na ya mtu wa kuwa naye, sijawahi kuulizwa hata siku moja.

Kwa hiyo tunaulizana wenyewe, tena kwa kejeli. Kwenye chama chetu kuna mama aliyechagua kupasuliwa mara zote mbili, akapangiwa na tarehe. Tulimsengenya miaka minne kwamba ni mwoga, eti anataka kuzaa na kucha zake zimepakwa rangi. Mwaka jana, tukiwa matangani kwa watu wengine kabisa, ndipo aliponiambia kwamba dada yake alivuja damu baada ya kujifungua na hakurudi nyumbani. Aliyemfunga dada yake leso ya mwisho ni yeye. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliosengenya.

Najua pia watu wananong'ona kuhusu pesa. Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ichukue mahali pa NHIF, bima ya zamani, mnamo Oktoba 2024, hospitali hulipwa Sh10,000 kwa mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida na Sh30,000 kwa aliyepasuliwa. Upasuaji una gharama zake, hilo halina ubishi, na siwezi kusema kila kisu ni cha biashara. Lakini mama ambaye hakuelezwa lolote lazima awaze, na akishawaza atawaambia wenzake, na mjamzito mmoja atasikia aamue kubaki nyumbani mpaka mambo yaharibike.

Ninachoomba kwa wanaosimamia kliniki za kaunti yetu si majengo. Mjamzito akifika miezi saba, akae na muuguzi dakika kumi wazungumze sehemu ile ya mpango wa kujifungua kwa Kiswahili, au kwa lugha anayoielewa, pamoja na la kufanya endapo mpango utageuka na thieta ikahitajika. Karatasi ya ridhaa asomewe wakati huo, kabla hajashikwa na uchungu. Na wodi za leba ziwekwe mapazia. Ninaambiwa wasindikizaji huzuiwa kwa kuwa vitanda vimekaribiana na wanawake wengine wako uchi. Mimi ni fundi wa nguo. Pazia la kitanda kimoja nalishona kwa saa moja.

Wifi yangu ana mimba ya miezi saba na kliniki yake ni Jumanne. Jana usiku tuliisogeza cherehani kando, tukaijaza sehemu hiyo kwa penseli. Hospitali ameandika, na ya pili endapo ya kwanza itajaa. Msindikizaji ni mimi. Usafiri tumeweka namba za watu watatu, mmoja wao muuza mboga yule yule. Umebaki mstari wa damu, kwa sababu kaka yake, ambaye ni mume wangu, anaogopa sindano na bado tunambembeleza.

Mama Baraka,
Umoja, Nairobi