Wanafunzi wa kompyuta wafunge klasta kwa mikono yao japo mara moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na walimu wa kompyuta wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, wa Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko, maana kuna jambo linaniuma na nimekaa nalo muda mrefu.

Kijana anamaliza chuo anakwambia Kubernetes naijua, ukimuuliza umeijuaje anasema nilibonyeza kitufe kwenye klaudi, yaani seva za kukodi mtandaoni, ikawaka, au nilipiga amri moja ya kubeadm, programu inayokufungia Kubernetes yenyewe, ikakubali. Sawa imewaka, siku ikigoma je?

Kwa ambao hawajakutana nayo, siku hizi programu inafungwa kwenye kontena, yaani yenyewe na vikorokoro vyake vyote kwenye boksi moja, kama yale makontena tunayoyaona kila siku yanapita kwenda Tunduma, dereva hana haja ya kujua ndani kuna nini. Sasa ukiwa na makontena mengi na seva kadhaa lazima awepo wa kupanga lipi likae wapi na likifa nani alirudishe, ndo kazi ya Kubernetes, Google waliitoa 2014 na jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake nahodha. Seva zote zilizo chini ya huyo nahodha ndo tunaita klasta.

Mimi nilijifunza kwa maumivu. Ofisi moja niliyofanya kazi zamani klasta ilifungwa na mtaalamu aliyekuja siku mbili, akapiga amri yake, akalipwa, akaondoka. Mwaka ukaisha. Asubuhi moja tunataka kuweka toleo jipya la mfumo, klasta haitaki hata kuongea na sisi, makontena ya zamani yanatembea vizuri tu ila hakuna jipya linaloingia, basi mmoja wetu akasema tuzime tuwashe, tukazima seva zote tukawasha, na hapo ndo tulipojimaliza maana hata yale yaliyokuwa yanatembea hayakurudi. Siku mbili wateja wanapiga simu. Kumbe vyeti ambavyo kubeadm inavitengeneza, ambavyo sehemu za klasta zinatumia kutambuana, vinakufa baada ya mwaka 1, na amri ya kuvihuisha ipo, ni kazi ya dakika chache. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama hivyo vyeti vipo.

Baada ya pale nikatafuta desktopu 3 za mtumba, RAM GB 4 kila moja, na swichi ndogo, nikaanza kufunga kimoja kimoja kwa mkono pale nyumbani Uyole, usiku nikitoka kazini. Unaanza na cheti mama, halafu kwa hicho unasaini cha kila sehemu ya klasta, na cha kubelet, yule anayesimamia kazi kwenye kila mashine, lazima jina lianze na system:node: ndo lifuate jina la mashine, ukikosea anagomewa mlangoni. Halafu unaweka etcd, ambayo ndo daftari la klasta nzima, kila kinachotakiwa kuwepo kimeandikwa humo. Unakuja API server, mlango wa kupokea maombi yote ya klasta, kwenye poti 6443, na hapo nikaelewa kitu ambacho sikuwahi kuambiwa, kwamba kwenye daftari hagusi mtu mwingine zaidi ya huyu, skedula anayepanga kontena likae mashine ipi, kubelet, wote wanapitia kwake. Ndo maana siku ile ofisini cheti chake kilipokufa, na kubelet akawashwa upya, hakuwa na wa kumwambia abebe makontena gani. Mwishoni unaandika njia za mtandao ili kontena la mashine hii lifike kwa la mashine ile. Ilinichukua wiki tatu.

Sasa usiku mmoja wa mwezi wa saba, baridi mnaijua wenyewe, umeme ukakatika. Uliporudi mashine mbili zikaonana, ya tatu inaandika NotReady tu, yaani haiko tayari. Nikachomoa waya nikachomeka, wapi. Nikafungua logi ya kubelet, anapoandika kila kinachomtokea, nikasoma mstari kwa mstari, inasema cheti cha API server kimeisha muda au bado hakijaanza kutumika. Hakijaanza vipi wakati nimekisaini mwenyewe wiki iliyopita? Nikaandika date, amri ya kuonyesha tarehe na saa. Ile mashine ilikuwa bado iko mwaka jana! Betri ya saa kwenye madabodi, ile ya duara kama sarafu, imekufa, umeme ukikata saa inarudi nyuma, na bando la kuirekebisha kwa intaneti sikuwa nalo. Asubuhi nikapita Mwanjelwa nikanunua betri, nikaweka saa sawa, ikarudi Ready. Ingekuwa nimefunga kwa kitufe ningefuta kila kitu nianze upya, na tatizo lingebaki palepale.

Walimu wataniambia kazini hakuna anayefunga hivi, na ni kweli, hata mimi kazini natumia kubeadm, ila nikiona imegoma najua nianzie wapi kuangalia. Wataniambia pia maabara hazina mashine. Jamani, kwenye stoo za maofisi hapa mjini kuna desktopu zimerundikana zinakula vumbi, zingine nimezibeba mwenyewe kuzipeleka huko, 3 zinatosha kundi la wanafunzi watano, naomba wakuu wa hizo ofisi wawape vyuo badala ya kusubiri ziuzwe kama vyuma chakavu.

Zangu bado zipo. Kila Jumamosi mchana nakaa na vijana wanne, tunafuta kila kitu tunaanza na cheti mama. Mwalimu anayetaka kuleta wanafunzi wake anione, anwani yangu Mhariri unayo, ila waje na daftari na kalamu, kila amri tunaiandika kwa mkono na pembeni yake inafanya nini.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya