Kaka, gari iuze

Kaka,

Assalaamu alaykum. Jina lako silitaji, na wanaokujua watakujua hivyo hivyo. Nakupigia tangu mfungo mosi hupokei. Shemegi akipokea yeye, anasema umelala. Mtu aliyekuwa akiamka saa tisa za usiku miaka kumi na tisa kuwahi mzigo wa bandari ya Mkoani, huku kwetu Pemba, leo kila nikipiga amelala? Haya. Najua mwanao anakusomea kila kinachopita kwenye simu, basi na hii akusomee, tena kwa sauti, shemegi naye asikie.

Nimeambiwa unataka kuikodisha mikarafuu ya mama misimu mitatu upate pesa ya kushusha injini ya gari yako ya mizigo iliyonoki. Kaniambia mtu wa Mtambile, si wewe, na hilo ndilo lililoniuma kwanza. Miaka saba nimekaa mkono wako wa kushoto, tandiboi wako. Nimelala juu ya mifuko ya saruji, nimeingia chini ya gari na mvua ya masika inanyesha, nimegombana na makuli kwa ajili yako. Jambo kama hili nilisikie njiani?

Daftari la gari lipo kwangu. Hujawahi kuliulizia, na mie nilipoacha kazi nikaja huku kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Chake, nililichukua pamoja na nguo zangu bila kukusudia. Juzi nimelifungua. Kuna Jumanne moja ya mwaka 2022, mwandiko wangu, na doa la chai juu yake: mchanga tripu tatu. Dizeli lita 45. Kuziba mpira 5,000. Chai na vitumbua 4,000. Makuli 30,000. Tandiboi 15,000. Baki 58,000. Chini yake umeandika wewe kwa kalamu nyekundu: "Alhamdulillahi, tumepata."

Nikalipekua daftari lote. Kaka, dereva hayumo. Kurasa zaidi ya mia, na hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa "dereva". Kuli kalipwa, mziba mipira kalipwa, mie nimelipwa. Wewe ulikuwa unachukua kilichobaki, na hicho hicho ndicho kilichokuwa cha springi, cha bima, cha leseni, cha benki na cha skuli za watoto. Angekuwa dereva wa watu ungemlipa kila jioni. Kwa kuwa dereva ni wewe, ukaendesha bure miaka yote hiyo, na ile bure yako sote tukaiita faida. Nasema sote kwa sababu kalamu nilikuwa naishika mie.

Na hiyo 2022 yenyewe unaikumbuka. Dizeli imepanda dunia nzima baada ya vita vya Ukraine, na kila ZURA, wale wadhibiti wa bei ya mafuta Zanzibar, walipotangaza bei ya mwezi tulikuwa tunaisikiliza kama watu wanaongoja mwezi wa Ramadhani kuandama. Bei ya tripu hatukuigusa. Ulisema tukipandisha watu watakwenda kwa mwingine, na kweli wangekwenda, maana yule mwingine naye alikuwa anaendesha bure kama wewe.

Halafu wale wa "karafuu zikichumwa nitakulipa". Nimewahesabu, wako kumi na mmoja. Nyumba zao zimesimama, mbili zina ghorofa. Karafuu unaijua tabia yake: ikibeba sana mwaka huu, mwakani inapumzika, na deni letu la mchanga likawa linapumzika nayo. Mmoja nilimkuta harusini kavaa kanzu ya darizi, akaniuliza, "Kaka yako hajambo?" Nikamwambia hajambo. Ningemwambia nini, mbele ya biriani ya watu?

La benki sikulaumu. Hukutaka riba, ukaingia murabaha, benki ikanunua gari ikakuuzia kwa bei uliyoijua tangu siku ya kwanza. Halali kabisa. Lakini deni la halali nalo lina tarehe, na hati ya nyumba bado iko kwao.

Sasa tuje kwenye mgongo, maana wewe ukiulizwa unasema "uchovu".

Siku ile tumetoka Mkoani na saruji mifuko mia na hamsini. Tulipoipita Mtambile, kwenye ule mpando, ukaniambia, "Nitilie gia." Nilidhani mzaha. Nikatazama chini, mguu wako wa kushoto umelala juu ya pedeli ya klachi kama umewekwa na mtu. Mkono wa kulia umeshika usukani, wa kushoto unalisukuma goti ili klachi ishuke, na gia nakutilia mie. Tumekwenda hivyo mpaka Chake. Jasho lilikuwa linakutoka kwenye ncha ya pua na hukusema neno, ila kila tukitaka kubadilisha gia unasema "sasa". Nilihesabu zile "sasa" mpaka thelathini na kitu, nikaacha.

Lakini mguu ule haukuanza siku ile. Mwaka mzima kabla yake ulikuwa unalalamika moto unaotoka kwenye tako kushuka mpaka kisiginoni. Kiti springi zimekufa, tumekifunga kwa mpira wa baiskeli na kukikalia kipande cha godoro. Barabara yenyewe, kabla hawajaichimba kuitengeneza upya, kila shimo lilikuwa linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Na tulipokosa makuli ulikuwa unashusha mifuko mwenyewe, mtu aliyekwisha kukaa saa sita, mgongo haujanyooka bado. Ukatafuta dawa yako: diklofenaki asubuhi na chai, nyingine baada ya adhuhuri. Mie ndiye niliyekuwa nainunua. Vidonge kumi, vidonge kumi, kama pipi.

Halafu tunapima presha tunakuta 170 kwa 105, na daktari anasema ikifika 140 kwa 90 tu mtu ameshaingia kwenye presha ya kupanda. Akauliza unakunywa dawa gani. Nilitaka ardhi inimeze. Akatueleza kuwa dawa hiyo ukiinywa muda mrefu inaweza kupandisha presha, inaumiza tumbo na inachosha figo. Wewe ukacheka, ukamwambia presha ni ya wenye magari mapya. Hukuwa na kichwa kinachouma, hukuwa na kizunguzungu, kwa hivyo ukaona mashine mbovu. Presha hiyo kaka, mara nyingi haina dalili yoyote mpaka siku inapoangusha mtu.

Nakuomba jambo moja kabla sijaendelea, na hili shemegi alishike: ukisikia ganzi baina ya mapaja, au mkojo umeziba, au unatoka wenyewe, usimngoje mkandaji wala usinipigie mie. Spitali, saa ile ile.

Watu hutwambia Zanzibar matibabu ni bure tangu 1965. Kweli, kumuona daktari hukulipa. Kilichokula pesa ni kipimo ulichoandikiwa cha Unguja, boti kwenda na kurudi mara mbili, wewe na shemegi, na wiki mbili ambazo gari imesimama na tarehe ya benki haijasimama. Bima tuliyokata ilikuwa bima ndogo, inamlipa yule tutakayemgonga. Gari yetu haimo, mgongo wako haumo. Fidia ya kuumia kazini ni ya mwenye mwajiri, na mwajiri wako ulikuwa ni wewe mwenyewe. Mfuko wa Huduma za Afya uliotungiwa sheria mwaka 2023 ulianza na watumishi wa umma. Na ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar uliopo tangu 1998, una mpango wa hiari wa waliojiajiri kama sie. Tulipoambiwa habari zake pale kwenye kituo cha gari za mchanga, mie nilicheka wa kwanza, na wewe ukasema maneno ambayo madereva wanayarudia mpaka leo: "Pensheni yangu ina mipira sita."

Pensheni ya mipira sita iko chini ya mwembe, kuku wanatagia ndani ya kibini.

Usiniambie Pensheni Jamii. Hiyo ni ya waliofika miaka 70. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikafika 50,000, na Mungu aibariki, bibi yetu ameila. Wewe una miaka 51. Utangoja miaka kumi na tisa mingine, sawasawa na ile uliyoendesha?

La deiwaka, yule dereva wa kushikia uliyempa gari, nalipita haraka. Simlaumu kijana. Wiki ya kwanza alileta hesabu nzima, ya pili nusu, ya tatu akaleta maneno. Lakini injini kunoki si kosa lake peke yake. Ile geji ya joto imekufa tangu sijaanza kazi kwako. Wewe ulikuwa unajua maji yamechemka kwa harufu tu: unasimama, unavuta sigara moja (nayo pia uache), unangoja ipoe, unatia maji. Yeye harufu hiyo nani alimfundisha?

Basi nimekaa na daftari na kalamu, nimeiandika mikarafuu ya mama. Mkodi wa misimu mitatu anataka kurudisha chake haraka. Atapandisha wachumaji wowote, watavuta matawi mpaka yavunjike, kwani mti si wake. Mama atakuwa anatazama kwa dirishani. Pesa utakayopata, fundi ataichukua yote na bado utadaiwa spea. Tuseme injini imepona, inanguruma kama mpya. Nani atakanyaga klachi? Mguu ule ule? Au deiwaka yule yule, bila geji?

Yupo mtu wa Konde anaitaka gari kama ilivyo. Ana injini yake nyingine, anachotaka ni chesesi na bodi. Bei aliyonitajia inamaliza benki, hati ya nyumba inarudi, na kinachobaki ni kidogo, sikudanganyi. Lakini ni kidogo ambacho hudaiwi na mtu. Kitatosha kwenda Unguja ukamalize kile kipimo na mazoezi ya mgongo uliyoandikiwa ukayakimbia, na ukafungue ule mpango wa hiari, hata kwa pesa ya kuzibia mpira kila wiki. Kazi utafanya, hakuna aliyesema ukae. Hapa dukani tunatafuta gari za kupelekea saruji kila siku na tunapata waongo. Wewe unamjua kila dereva kutoka Kengeja mpaka Micheweni, nani analewa usingizi, nani breki zake za maneno. Kukaa na simu, kupanga mizigo na kula asilimia yako kunataka kichwa na sauti, navyo unavyo.

Najua ni aibu. Miaka kumi na tisa watoto wa kijiji wanakimbilia nyuma ya gari wakilitaja jina lako, leo upite kwa miguu na fimbo. Mie pia nimelia, wallahi, nilipokubaliana na yule mtu kwa mdomo. Bado hatujapeana mkono, mwenye gari ni wewe.

Jumamosi naja, baada ya alasiri. Naja na daftari na yule mtu. Shemegi asipike, nitapitia Tumbe nichukue samaki. Kabla ya hapo mwambie mwanao aifungue betri aiweke ndani, aitie magogo chini ya eksili ya nyuma mipira isizidi kukaa, na awatoe wale kuku.