Panya wa maabara wasishikwe mkia

Mhariri,

Najua wapo watakaocheka. Huku Makambako panya ni yule anayemaliza mahindi kwenye kihenge, na dawa yake ni paka. Mimi nawasemea wale weupe wa vizimbani, niliowatunza katika maabara ya chuo hadi nilipostaafu.

Hadi leo, nikialikwa vyuoni, naona mwanafunzi akifungua kizimba na kumnyanyua panya kwa mkia. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walionyesha kuwa panya wa aina ndogo wanaoshikwa hivyo huwa na wasiwasi kuliko wanaoingia wenyewe kwenye kibomba na kunyanyuliwa nacho, au wanaochotwa kwa viganja. Wa mkia humkwepa mtu. Wa kibomba humsogelea na kumnusa. Panya mwenye hofu, moyo na homoni zake haviko sawa, nasi tunampima na kuandika majibu kana kwamba ametulia. Hapo tumepima woga tu.

Halafu baridi. Panya mdogo akiachiwa achague pa kupumzika, hufuata joto la karibu nyuzi 30. Maabara za wenye uwezo huwa nyuzi 20 hadi 24. Sisi mwezi wa saba tunavaa sweta hadi jikoni. Mpe karatasi laini ya chooni, ataichana na kujitengenezea kiota bila kufundishwa na mtu.

Maranda ya kuwatandikia nayo! Mafinga yamejaa, lakini mengi ni ya paini. Yakiwa mabichi, ile harufu nzuri ya mbao hubadilisha utendaji wa ini la panya, na anayejaribu dawa atasoma matokeo ya matandiko badala ya dawa. Yapitishwe kwanza kwenye joto kali.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inawagusa pia wanyama wa majaribio, kwa hiyo siwaombi wakuu wa maabara hisani. Waanze na bomba, maana bajeti haitasingiziwa: vipande vya plastiki hutupwa kila nyumba inapojengwa. Kipande cha urefu wa kiganja, kingo zikipigwa msasa, kinamtosha panya mdogo. Fundi bomba wa mtaani kwetu hunigawia bure, na wakitaka nitawaletea.

Fundi maabara mstaafu,
Makambako, Njombe