Kahawa ya Vietnam si ya aina moja

Mhariri,

Mikahawa kadhaa ya Kisumu na Nakuru siku hizi imeongeza "kahawa ya Vietnam" kwenye menyu. Ukiiagiza, mara nyingi unaletewa glasi ileile: barafu tele, maziwa mazito ya mkebe chini, kahawa iliyopauka juu. Hiyo ni kahawa ya Saigon, tena iliyopikwa vibaya. Vietnam ni nchi ndefu, na watu wa kaskazini, wa kati na wa kusini hawanywi kahawa kwa namna moja. Hali ya hewa ina mchango mkubwa katika tofauti hizo, na hapo ndipo jambo hili linatuhusu, maana Kisumu na Nakuru nazo hazina hewa moja.

Tuanze na kusini. Jiji la Ho Chi Minh, ambalo wakazi wengi bado huliita Saigon, lina joto mwaka mzima. Kahawa huko hunywewa taratibu kwenye glasi ndefu, barafu hadi juu, utamu wa kutosha. Wasiopenda ukali huagiza bạc xỉu, maziwa mengi na kahawa ya kutia rangi tu, kinywaji kinachohusishwa na Wachina wa Chợ Lớn, mtaa wa jiji hilo. Vibanda vichache vya zamani bado hupika kwa mfuko wa kitambaa uliotumbukizwa ndani ya birika. Kisha mteja huletewa chai baridi bila malipo, naye hukaa apendavyo. Kwa joto la Kisumu saa nane mchana, mtindo huu unafaa kabisa.

Ila upikwe sawasawa. Barafu ikiyeyuka ni maji, kwa hiyo kahawa yenyewe sharti itoke nzito: gramu 25 za unga kwa mililita 100 za maji. Anayetia gramu 12 anamuuzia mteja maji ya sukari. Na barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Kahawa ya moto haiwezi kuyasafisha.

Chombo cha kuchujia kahawa hiyo huitwa phin, na kina sehemu nne: sahani yenye matundu inayokaa juu ya glasi, kikombe chenye matundu chini, kikandamizi cha ndani, na kifuniko. Mimina maji moto ndani ya phin tupu kwanza ili ipate joto, uyamwage. Tia unga, utikise kidogo ujisawazishe, weka kikandamizi bila kukisukuma kwa nguvu. Mwagia mililita 25 za maji, usubiri sekunde 40 unga uvimbe. Ndipo umimine yaliyobaki na kufunika. Tone la kwanza lionekane ndani ya dakika mbili, na kazi yote iishe kwa dakika nne au tano. Ikiisha kwa dakika mbili, unga ni mkubwa mno au kikandamizi kimelegea, na kahawa itakuwa chapwa. Ikipita dakika saba, unga ni laini mno au umekandamizwa kupita kiasi, na itatoka chungu ya kukwaruza koo. Chembe zitoshane na za sukari ya dukani. Unga laini kama wa mashine ya espresso huziba matundu, na hilo ndilo kosa tunaloliona zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo ya mitandaoni hayalitaji. Hanoi, mji mkuu ulio kaskazini, na Saigon ziko karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100, na ndiyo maana wapishi wao husema yaache yapoe kidogo kabla ya kumimina. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 94. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ni karibu nyuzi 96. Phin inataka maji ya kati ya nyuzi 92 na 96. Kwa hiyo mpishi wa Nakuru asisubiri hata kidogo: yakichemka, amimine. Akifuata ushauri wa Hanoi, kahawa yake itakuwa na uchachu na haitakolea.

Kahawa yenyewe nayo ni suala. Vietnam ndiyo mzalishaji mkubwa zaidi duniani wa robusta, aina ya kahawa iliyo chungu zaidi, na sehemu kubwa hutoka nyanda za juu za kati, hasa Đắk Lắk. Arabika, ile aina nyingine, ipo pia, kwa mfano Cầu Đất karibu na Đà Lạt, lakini glasi ya barabarani ni robusta iliyokaangwa hadi kuiva sana. Huko Buôn Ma Thuột, katikati ya mashamba, utakuta wengi wakiinywa nyeusi, nzito, sukari kidogo. Arabika yetu ya miteremko ya Elgon au ya Subukia, ikikaangwa kidogo kama tulivyozoea, huwa na uchachu ambao ni sifa njema katika kikombe cheusi lakini hugombana na maziwa ya mkebe. Ikaange zaidi, au uchanganye: sehemu saba robusta, tatu arabika. Hakuna haja ya kuagiza robusta kutoka Asia. Uganda, hapo ng'ambo ya mpaka wa Busia, huuza robusta kwa dunia nzima. Mteja aambiwe pia kwamba robusta ina kafeini karibu maradufu ya arabika, hasa anayeagiza glasi ya pili jioni.

Anayenunua unga wa kahawa uliosagwa tayari awe macho, maana Vietnam na kwingineko wapo wanaochanganya mahindi au soya iliyokaangwa. Nyunyiza unga kidogo juu ya maji baridi. Kahawa halisi huelea kwa muda. Ikizama papo hapo na maji kugeuka kahawia, irudishe dukani.

Katikati mwa nchi, mji wa Huế una kahawa ya chumvi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2010. Ni kahawa ya phin pamoja na maziwa yaliyopigwa kwa chumvi kidogo. Chumvi hupunguza uchungu, na ndiyo siri yote. Robo kijiko cha chai inatosha vikombe vinne. Ikizidi hapo ni supu.

Hanoi ina majira ya baridi, na kikombe chake ni kidogo, kikali, mara nyingi cha moto. Anayetaka maziwa huagiza nâu, wakati mwenzake wa Saigon huomba cà phê sữa, na nâu huwa na maziwa machache zaidi. Kahawa ya yai ilizaliwa huko mwaka 1946, maziwa yalipokuwa adimu: Nguyễn Văn Giảng, aliyekuwa mhudumu wa vinywaji katika hoteli ya Metropole, aliweka kiini cha yai mahali pa maziwa. Mkahawa wake bado uko mikononi mwa familia.

Hii ndiyo tungependa kuiona Nakuru katika asubuhi za baridi za Julai. Chukua kiini kimoja cha yai bichi lililotagwa karibuni na kijiko kimoja na nusu cha mezani cha maziwa ya mkebe. Piga kwa mashine dakika nne au tano, hadi rangi ipauke na povu lisimame. Ute ukiingia hata kidogo, povu halishiki. Liteke kwa kijiko, uliweke juu ya mililita 60 za kahawa ya moto, na kikombe kikae ndani ya bakuli la maji moto. Bakuli si pambo. Kikombe kikipoa, harufu ya yai hujitokeza na mteja hatarudi. Joto la kahawa haliivishi kiini, kwa hiyo mama mjamzito, mzee dhaifu au mwenye mtoto mdogo aambiwe hivyo kabla ya kuagiza.

Wakufunzi wa kahawa,
Milimani, Kisumu