Swahiba, anza na breki

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili. Nimefurahi sana kusikia kwamba gari-nyumba mmeshalipata, na kwamba sasa mnataka kulivuta lile gari dogo nyuma yake. Mwaka wetu wa kwanza sisi tulisafiri bila gari dogo. Kila tulipotaka kwenda dukani ilitubidi tufungashe vyombo, tukunje kitanda, tuondoke na nyumba nzima. Kwa hiyo nakuelewa vizuri.

Umeniuliza ununue chuma kipi cha kuvutia, yaani kile kinachounganisha gari dogo na gari-nyumba. Nitakujibu, ila niruhusu nianzie kwenye breki, kwa sababu ndipo nilipokosea mimi. Chuma kikiwa kizima gari dogo litakufuata popote. Kulisimamisha ni kazi nyingine kabisa, na wengi wetu hununua chuma leo, breki tukaisogeza mbele hadi msimu mwingine.

Na hata kabla ya breki, toa kitabu cha gari lako dogo, usome sehemu ya kuvutwa. Magari mengi ya otomatiki yana pampu ya oili ya giaboksi inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yote manne yako barabarani, yanazungusha vyuma vya ndani huku oili haipandi. Giaboksi inaungua polepole na wewe uko mbele huna habari. Magari mengi ya gia za mkono hayana shida hiyo. Kitabu kikikubali, kitakuambia pia mwendo usiopaswa kuuzidi, gia iwekwe wapi, fyuzi gani ichomolewe, na kama unatakiwa kuwasha injini kila baada ya saa kadhaa. Kikikataa, usibishane nacho. Lipandishe gari kwenye tela, mambo yaishe.

Haya, uzito. Gari-nyumba langu lina kibao chenye namba mbili: lenyewe likijaa lisizidi kilo 8,165, na likiwa na kinachovutwa, vyote pamoja visizidi kilo 10,433. Watu huitazama namba ya pili wakaridhika. Wanasahau kwamba breki za gari-nyumba kwa kawaida zimepimwa kusimamisha lile gari lenyewe na mzigo wake, yaani namba ya kwanza. Kilichoongezwa nyuma kinatakiwa kijisimamishe. Gari lako dogo likiwa na kilo 1,500, hizo ni kilo 1,500 zinazokusukuma mgongoni kila unapokanyaga breki, tena mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya kuzuiwa inakuwa mara nne. Kwenye tambarare hutaihisi. Subiri mteremko mrefu wenye kona mwishoni.

Sheria hazifanani kila mahali. Uingereza gari linalovutwa namna hii huhesabiwa kuwa tela, na tela linalozidi kilo 750 lazima liwe na breki zake. Marekani kila jimbo lina kiwango chake. Lakini mteremko hauulizi uko jimbo gani, kwa hiyo usitafute kiwango cha chini cha sheria ukajificha hapo.

Breki zenyewe nimezitumia za aina mbili. Ya kwanza ni kisanduku cha kubebeka. Unakiweka sakafuni mbele ya kiti cha dereva wa gari dogo, mkono wake unashika pedali ya breki, na kinapohisi mwendo unapungua kinaisukuma. Uzuri wake ni kwamba hakihitaji ufundi mwingi, na ukibadilisha gari unahama nacho. Ubaya ni kwamba kila safari unakipanga upya, na kila unapokipanga unaweza kukosea.

Ya pili hufungwa ikabaki ndani ya gari dogo, na kuunganishwa na breki za gari-nyumba lenyewe. Kama gari-nyumba lina breki za upepo, mrija mmoja unapeleka upepo nyuma; kama ni za hidroliki, kuna vifaa vyake. Ukikanyaga kidogo mbele, nyuma panakanyagwa kidogo. Ukikanyaga sana, panakanyagwa sana. Hilo ndilo swali la kumuuliza muuzaji kabla ya kuuliza bei: je, inakanyaga kulingana na ninavyokanyaga mimi, au ina nguvu moja tu kila mara? Ya nguvu moja itakuchomea breki za gari dogo kwenye mteremko ambao wewe unagusagusa tu pedali. Uliza pia inafanyaje unaposhuka kwa breki ya injini. Baadhi ya visanduku huhisi mwendo unapungua vikadhani umekanyaga, vikashikilia mteremko mzima.

Jambo jingine ambalo fundi wako anaweza asikutajie ni boosta, kile kifaa kinachokusaidia kukanyaga pedali ya breki bila kutumia nguvu nyingi. Gari likizimwa, boosta ya breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu. Breki nyingi za gari linalovutwa zimetengenezwa zikijua hivyo, zinasukuma pedali ngumu. Ila baadhi ya magari mapya, hasa ya haibridi, boosta yake inaendelea kufanya kazi hata injini ikiwa imezimwa, na msukumo ule ule unaweza kuyafunga magurudumu kabisa. Mtajie muuzaji aina ya gari na mwaka wake, asikupe jibu la jumla.

Sasa nikusimulie yaliyonipata. Safari yangu ya tatu na kisanduku, nilikipanga asubuhi kwa haraka, mkono wake ukawa umeibana pedali kidogo kabla hata hatujaondoka. Kidogo tu, upana wa kidole. Njia nzima nililiona gari-nyumba zito, nikadhani ni upepo wa mbele. Baada ya saa moja na nusu tukasimama, mke wangu akashuka wa kwanza, akarudi akisema kuna kitu kinaungua. Magurudumu ya mbele ya gari dogo yalikuwa yanatoa joto ambalo ulilihisi ukiwa hatua mbili mbali. Diski zilikuwa zimegeuka rangi ya bluu na pedi zimekauka kama kigae. Tukakaa pale tukisubiri vipoe, na nilichokuwa nafikiria ni matairi, kwamba yangeshika moto tukiwa mwendoni na mimi nisingeona chochote kwenye kioo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kisanduku kilikuja na taa ndogo ya kuweka mbele ya dereva, inayowaka kila breki za nyuma zinapofanya kazi. Ilikuwa bado kwenye boksi lake. Usiondoke nyumbani kabla ya kuifunga. Na baada ya kilomita 10 au 15 za kwanza simama, zunguka, weka kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Mimi nafanya hivyo kila safari hadi leo. Hapo hapo niliongeza vipima upepo vya matairi ya gari dogo, maana pancha ya nyuma nayo dereva haioni.

Breki yoyote utakayochagua iwe na swichi ya kukatika: kamba nyembamba ya chuma inayochomoa pini gari dogo likiachana na gari-nyumba, breki zikajikanyaga kwa nguvu ya betri. Ifunge kwenye mwili wa gari-nyumba. Ukiifunga kwenye chuma cha kuvutia, na chuma chenyewe ndicho kilichochomoka, kamba itaondoka pamoja nacho na pini haitachomoka kamwe.

Haya, chuma chako. Nunua kile kinachobaki nyuma ya gari-nyumba, chenye mikono miwili inayorefuka na kukunjika. Vile vya umbo la A visivyorefuka ni rahisi na imara, lakini lazima gari dogo lisogezwe hadi tundu likutane na pini barabara, na shemeji atachoka kukuelekeza kwa mikono. Vinavyorefuka unasogea karibu tu, unafunga, kisha unaendesha mbele taratibu hadi mikono yote miwili ijifunge yenyewe. Namba iliyoandikwa kwenye chuma izidi uzito wa gari dogo likiwa na mizigo yake, na usisahau kwamba kila kiungo kina namba yake: soketi ya gari-nyumba inayopokea chuma, chuma chenyewe, kitako kinachofungwa nyuma ya bampa ya mbele ya gari dogo, minyororo ya usalama. Ndogo kuliko zote ndiyo unayoifuata. Kitako hicho kina umbo la aina ya gari lako tu, mpe fundi anayejua, na umwambie akaze bolti kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza.

Chuma kikae sawasawa. Kikiinama zaidi ya sentimita 10 hivi kati ya ncha na ncha, weka kiungo cha kushusha au kupandisha soketi. Minyororo ivuke kwa msalaba chini yake.

Na usirudi nyuma hata hatua moja gari dogo likiwa limefungwa. Magurudumu yake ya mbele yatajikunja hadi mwisho na mkono mmoja utapinda. Wangu ulipinda hivyo kwenye kituo cha mafuta, nikitafuta nafasi ya gari jingine kupita. Ukikwama, fungua, sogeza magari yote mawili, unganisha upya.

Kabla hujalipa chochote, niandikie namba za kile kibao cha gari-nyumba, na unipigie picha ule ukurasa wa kitabu cha gari dogo unaozungumzia kuvutwa. Nitakaa na hizo namba jioni moja, nikujibu kwa uhakika.

Msalimie sana shemeji.

Ni mimi swahiba wako wa siku zote.